Shupaza Tano za Vedasto

Siku ya mgao, viroba vya mawe hupangwa mstari mmoja mdomoni mwa duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, na kila mchimbaji huchagua vyake kwa macho na kwa imani, maana hajazaliwa mtu wa kuona ndani ya jiwe. Ukiokota kibaya, wiki zako tatu za kushuka kwenye shimo zimekwenda na maji. Ukiokota kizuri, wenzako watasema una mkono, na wewe mwenyewe utaanza kuamini.

Vedasto Wegesa alikuwa ameanza kuamini. Alipita mbele ya viroba polepole, akipiga hiki kwa kidole, akinusa kile, mpaka Heche, mwenye duara, akachoka.

"Chagua, mura! Hununui nyanya hapa."

"Tulia, mzee. Jiwe lina lugha yake."

Akachukua vitatu. Vilipotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na mchanga wake kuoshwa, vikampa dhahabu ambayo mnunuzi alimlipa shilingi laki nne na themanini elfu. Wenzake wanne waliochimba naye ukuta uleule hawakupata hata ya unga. Walimtazama kwa husuda ya kawaida, ile isiyo na ugomvi, na Vedasto akakunja noti zake akazitia kwenye soksi. Mimi nasema alibahatika tu. Yeye alisema amelisoma jiwe.

Rashi ile, mbio za watu kufuata dhahabu, ilizuka kwenye kilima nyuma ya Busawe msimu wa mvua chache. Watu walikuja kutoka Nyambureti, Kenyamonta na Mugumu, hata kutoka Sirari wakachanganya Kiswahili chao cha ng'ambo. Vibanda vya turubai vikaota kama uyoga, kahawa ikapanda bei, na wanaume waliokuwa hawajui kusoma saa wakawa na simu za kutelezesha. Vedasto alinunua yake mwezi wa pili wa rashi. Ilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, na ndiyo aliyotumia kumsikia mwanawe.

Maana mkewe Irine hakuwa nyumbani. Alikuwa kwa wazazi wake Nyambureti, na mtoto wao Agustina, mwezi wa nne sasa tangu aondoke. Sababu ilikuwa ng'ombe mmoja. Agustina alipozaliwa, bibi yake Bernadetha, mama wa Irine, alimpa mtoto ng'ombe wa maziwa. Rashi ilipoanza, Vedasto alimuuza ng'ombe yule ili anunue nafasi kwenye duara la Heche, asimwambie mtu. Irine alirudi kutoka kisimani akakuta kamba imelala chini.

Vedasto alikwenda ukweni mara mbili na baba yake mdogo, Simioni, kuomba mkewe. Mara ya pili mkwewe, Mzee Tomaso, alimpa jibu alilolibeba kifuani tangu siku ile.

"Watu wazima huongea mara tatu," alisema mzee. "Njoo Jumapili ya mwisho wa mwezi na ng'ombe wa mtoto, awe na ndama nyuma yake kama yule uliyeuza. Sitaki noti. Noti unaweza kuzila njiani. Ukija mikono mitupu, mimi nitafungua zizi, zile ng'ombe kumi za mahari ulizonitolea kwa Irine zirudi kwenu Kenyamonta. Zikirudi zote kumi, mke si wako, na mtoto atakuwa wa boma hili."

Ng'ombe mwenye ndama mnadani alikuwa laki saba. Vedasto alikuwa na laki nne na themanini, na Jumapili ilikuwa siku nne mbele.

* * *

Jioni ile ile alimpigia Irine. Kule Nyambureti mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba, na Irine alikuwa amezoea kupanda pale saa za jioni hata kama hajaahidiwa simu.

"Umekula?" Irine akauliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Watu waliokaa pamoja miaka saba huwa hawana maneno mengi ya kwenye simu. Maneno yao yanahitaji moto na sufuria na mtu wa kumwambia sogea. Vedasto alitaka kumwambia kwamba analala upande wake uleule wa kitanda, ule mwingine ameuacha kama ulivyokuwa. Akaona haya.

"Mpe Agustina."

Mtoto alipumua ndani ya simu kwanza, kisha akasema, "Baba, utakuja na ng'ombe yangu?"

"Nitakuja naye."

"Ana ndama?"

"Ana ndama. Mweupe miguuni."

Irine akachukua simu. "Usimwahidi rangi, Vedasto. Atamkataa akiwa mweusi." Kisha sauti ikashuka. "Mimi hata akiwa hana mkia nitamkubali. Njoo tu."

Alikaa juu ya jiwe muda mrefu baada ya simu kukatika. Alimtamani mumewe na alikuwa amemkasirikia, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichomwachia nafasi mwenzake.

* * *

Laki mbili na ishirini zingetoka wapi? Mgao mwingine ulikuwa baada ya wiki tatu. Lakini Vedasto alikuwa na mgodi wa pili, nao ulikuwa ndani ya simu.

Ulikuwa mchezo wa karata unaoitwa poka. Unakaa kwenye meza ya kuchorwa na watu usiowajua, kila mtu na namba yake. Unapewa karata mbili za siri, kisha tano zinawekwa katikati kwa wote, na kila mtu anaunda tano zake bora. Mwenye tano kubwa, na tano za alama moja kama shupaza tupu ni miongoni mwa kubwa, anazoa kilichowekwa mezani. Miezi miwili Vedasto alicheza kwa shilingi mia mia, na kila mzunguko aliuandika kwenye daftari: kopa ngapi, uru ngapi, pau ngapi, shupaza ngapi. Kurasa arobaini na tatu. Na alikuwa ameona jambo. Shupaza zikipotea mizunguko minne mfululizo, mzunguko wa tano au wa sita zinakuja kwa kundi.

Alhamisi alilipeleka daftari kwa Dullah. Huyu alikuwa fundi simu wa Mugumu aliyefungua kibanda pale rashini, na paneli ya jua juu ya bati, akichaji simu za wachimbaji na kuwawekea na kuwatolea pesa. Babu yake alikuja na biashara ya chumvi kutoka pwani. Yeye mwenyewe pwani hajawahi kuiona. Akafungua kurasa taratibu, kwa adabu, maana kazi ya mtu ni kazi ya mtu.

"Sasa hii inasemaje?"

"Inasema karata zina mwamba, Dullah. Unachimba mawe mafu, mafu, mafu, halafu unajua mwamba wenye dhahabu uko mbele. Ni kama duarani tu. Mtu mjinga anatoka shimoni wakati amebakiza futi mbili."

Dullah akavuta droo, akatoa karata zake halisi, zile za makaratasi zilizokwisha kona. "Kaa. Leo sina wateja wengi."

Akazichanganya, akazigawa kama mchezo unavyogawa, Vedasto akaandika. Akachanganya tena. Wakakaa hivyo tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri iliposikika kwenye simu ya Dullah, akaenda kuswali, akarudi, wakaendelea. Mizunguko mia na sitini. Kisha Dullah akamwambia, "Haya, tafuta shupaza zako."

Vedasto akatafuta. Akatabasamu mpaka masikioni. "Si hizi hapa? Zimepotea minne, zikaja kwa kundi. Na hapa. Na hapa tena!"

"Umeona?" Dullah akapiga meza. "Na mimi nimechanganya kwa mikono hii, sijapanga kitu! Ndiyo kusema hakuna mpango. Kitu chochote ukikichanganya sana, kinatoa mafungu. Mara kinajaa hapa, mara kinapungua pale. Zile zilizopotea minne halafu hazikuja, umeziandika wapi?"

"Hizo hazikuwa zimeiva."

"Vedasto ndugu yangu. Mwamba wa pale kilimani uliwekwa na Mungu kabla ya babu zetu, hauhami. Ukipita jiwe lililokufa umelipita kweli, umesogea. Karata hamsini na mbili zinachanganywa upya kila mara. Hazikumbuki zilikotoka. Mizunguko minne ikipita hujasogea hata hatua, uko palepale mlangoni."

Vedasto alimsikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akasema kwa mshangao wa mtu aliyefunuliwa siri, "Kwa hiyo hata karata za makaratasi zina mwamba."

Dullah alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti. Hapo ndipo alipokosea, naye alikuja kujilaumu. Mtu anayemtamani mkewe hachekwi, kwa sababu akishachekwa hukusanya vitu vyake na kwenda kujithibitishia peke yake.

* * *

Ijumaa saa tano asubuhi Vedasto alikaa nyuma ya karasha, mahali ambapo kelele ya mashine inamfanya mtu awe peke yake. Pesa alikuwa ameziingiza kwenye simu kwa wakala mwingine, ili Dullah asimuulize. Kabla ya kuanza alifanya jambo moja alilojifunza kwa hasara: alizuia simu zote zisiingie. Mara mbili huko nyuma aliwahi kupigiwa katikati ya mzunguko, mchezo ukaganda, pesa yake ikaliwa.

Aliingia meza kubwa. Hakucheza kama mlevi, tusimsingizie. Alisubiri. Aliacha mizunguko ipite, akihesabu shupaza kwa vidole. Zikapotea minne. Mzunguko wa tano akaweka, zikaja tatu mezani na mbili mkononi mwake, shupaza tano kama mtu ameziita kwa majina. Akazoa. Sasa simu ilisema laki tano na tisini.

Alitazama juu kuona kama kuna mtu wa kumwambia. Hakukuwa na mtu. Machozi yalimlenga kwa sababu aliona, wazi kabisa, mkewe akishuka njia ya Kenyamonta na mtoto mgongoni. Ilibaki laki moja na kumi tu.

Saa ile ile, Nyambureti, Irine alikuwa anapanda jiwe mbio, khanga inamponyoka. Mama yake, Bernadetha, alikuwa amekataa kula siku mbili. Hakupiga kelele, alipika, akawapakulia wote, akakaa pembeni bila sahani. Asubuhi ile Mzee Tomaso alisukuma ugali wake akasema, "Mama huyu ataniua kwa njaa yake. Haya. Mwambie huyo mumeo hata mtamba. Mtamba mdogo, asiye na ndama, atakua. Mradi aje anatembea kwa miguu yake." Mtamba mdogo mnadani hakufika hata laki nne na nusu.

Irine akapiga. Simu ikamwambia mteja hapatikani. Akashuka, akaosha vyombo, akapanda tena. Mara ya tatu alimchukua na Agustina, kana kwamba mtoto ana mtandao wake. Alipiga mara sita mpaka saa nane. Kila mara aliposhuka lile jiwe alikuwa anacheka peke yake, maana habari ilikuwa nzuri na alijua itamfikia tu, leo au kesho.

Nyuma ya karasha, shupaza zilikuwa zimepotea mizunguko minne tena. Wa tano pia hazikuja. Wa sita Vedasto akapewa karata mbili: ree ya shupaza na sita ya shupaza. Mezani ikatua tisa ya shupaza, tisa ya kopa, nne ya shupaza. Akaweka laki mbili. Wote wakajitoa isipokuwa mtu mmoja, namba saba. Ikatua mfalme wa shupaza. Zimetimia tano! Na kubwa yao ni ree, hakuna shupaza tano duniani zitakazopita hizo. Ikatua ya mwisho, nne ya uru, ambayo hakuitazama vizuri. Akaweka kila kitu.

Namba saba akafunua. Alikuwa na tisa moja na jeki. Tisa yake na zile mbili za mezani ni tisa tatu, na nne mbili za mezani zikakamilisha tano. Tisa tatu na nne mbili zinazishinda shupaza tano, hata ziwe na ree, hata ziwe zimetabiriwa kwa daftari la kurasa arobaini na tatu.

Vedasto aliendelea kuitazama meza ile ya kuchorwa mpaka ilipomwondoa yenyewe kwa kuwa hana kitu. Alipofungua simu ziingie, ukaja ujumbe kwamba Irine amepiga mara sita. Mara sita! Akajua anamdai jibu la ng'ombe. Akaona aibu ikimpanda kama homa, akaizima simu kabisa, na hakuiwasha Jumamosi yote.

* * *

Jumapili walifika Nyambureti baada ya misa, yeye na Simioni, wote wamevaa makoti. Agustina aliwaona wa kwanza. Alimkimbilia baba yake, akamshika goti, kisha akachungulia nyuma yake barabarani.

"Yuko wapi?"

"Nenda kwa bibi," Simioni akasema.

Walipewa viti uani. Salamu zilikwenda vizuri, shikamoo kwa marahaba, mvua za kwenu, mvua za kwetu. Bernadetha alileta chai mwenyewe na hakumtazama mkwewe, kwa heshima. Irine alisimama kwenye nguzo ya jiko, amevaa gauni lake la Krismasi, na begi lilikuwa limefungwa tayari ndani ya mlango. Vedasto aliliona begi lile, akaweka kikombe chini.

"Nilikupigia mara sita," Irine akasema. "Baba alikubali mtamba. Mtamba tu, Vedasto. Simioni alitutumia salamu kwa mtu kwamba mgao ulikupa laki nne na kitu, tukasema mbona zinatosha na chenji inabaki ya sukari."

Simioni akageuza uso taratibu kumtazama mtoto wa kaka yake. Yeye aliambiwa njiani kwamba mnunuzi wa dhahabu amechelewesha malipo.

"Pesa iko wapi?" Mzee Tomaso akauliza. Hakupandisha sauti.

Vedasto angeweza kudanganya. Wizi rashini ni jambo la kila siku, wangemwamini. Lakini alikuwa amechoka, na mkewe alikuwa hatua sita tu kutoka alipokaa. "Niliicheza, tata. Kwenye karata za simu. Nilitaka itimie laki saba, nije na ng'ombe mwenye ndama kama ulivyosema."

Kuku walipita katikati yao. Bernadetha alikaa chini palepale alipokuwa.

Mzee hakuwa mtu katili. Alikuwa na mabinti wanne na aliwahi kumzika mmoja. "Irine," akasema hatimaye. "Kosa amelikubali mbele ya watu. Mimi nilisema neno langu, lakini anayekwenda kulala kule ni wewe. Ukisema unaenda, hilo begi nitakubebea mimi mpaka barabarani."

Simioni alishusha pumzi kwa sauti. Vedasto alisimama.

Irine alimtazama mumewe kwa macho ambayo mtu hawezi kuyaigiza. Alikuwa amemwona amekonda. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda kiasi kwamba mkono wake mmoja ulikuwa umeshashika fremu ya mlango, upande wa begi. Alihitaji neno moja tu la kuvukia.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Ukipata nyingine kama ile, utafanyaje?"

Na Vedasto, ambaye siku mbili hakuwa na mtu wa kumwambia, akapiga hatua mbele na uso ukamng'aa. "Zilikuja, Irine! Nataka ujue hilo. Shupaza tano, mzunguko wa sita, kama nilivyoandika. Sikukosea mimi. Yule mtu alikuwa na tisa tu, bahati tupu. Safari nyingine naangalia na tisa..."

Akajisikia anavyosema. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, yakawa pale uani pamoja na kuku na vikombe. Irine aliutoa mkono wake mlangoni. Hakulia wakati ule.

"Fungua zizi, baba," akasema.

* * *

Mtu aliyehangaikia ng'ombe mmoja alirudi nao kumi. Mzee Tomaso aliwatoa kwa mkono wake, mmoja mmoja, na kwa kuwa wawili wa zamani walikufa, alitoa wawili wa kwake wenye afya kuliko wale, mmoja ana maziwa. Agustina alipiga makofi kila mmoja alipovuka mlango wa zizi, akidhani baba yake amewaleta. Bibi yake akamwinua akaingia naye ndani.

Njia ya kwenda Kenyamonta inapita chini ya kilima cha rashi. Wachimbaji waliokuwa wanapumzika Jumapili waliona kundi linakuja, na nyuma yake Vedasto Wegesa katika koti.

"Hongera, mura! Duara limetema!"

"Si nilisema ana mkono yule? Kumi! Tutakuja kunywa maziwa!"

Dullah alitoka kibandani, akahesabu ng'ombe, akaanza kucheka kwa furaha na kumpungia. Kisha akaona uso wa Simioni, akaushusha mkono.

"Wajibu," Simioni akamwambia Vedasto kwa upole. "Wanakupongeza."

Vedasto akainua fimbo kuwajibu. Ng'ombe hawakuijua njia, ikabidi apige miluzi mpaka nyumbani.

Walifika jua likiwa bado lipo. Zizi lilikuwa dogo, wakabanana. Yule mwenye maziwa alianza kulia kwa sababu chuchu zilikuwa zimejaa, na Simioni, aliyekuwa na umri wa kutofanya kazi ya wanawake na watoto, alivua koti, akachuchumaa, akakamua mwenyewe. Alijaza kibuyu kimoja, akajaza na sufuria. Kisha akasimama uani akiwa ameishika ile sufuria kwa mikono miwili, akamuuliza Vedasto maziwa yale ampe nani.